Poda ya Mshahara wa Kwanza

Huko Kisangani mtu hafaulu kimyakimya. Majina yakishasomwa tu, hata kabla aliyefaulu hajamaliza kucheka, ndugu zake wanakuwa wameshafungua kopo la poda ya watoto wachanga, wakammwagia kichwani, shingoni na mabegani, mpaka anafanana na mwashi aliyetoka kupiga chokaa. Anazunguka mjini hivyo siku nzima, kwa miguu au juu ya baiskeli ya kukodi, na kila anayekutana naye anajua bila kuuliza. Wala haifutwi. Anayefuta poda ya mtihani siku ile ile, wanasema, anafuta na bahati yake.

Siku Safiya alipomaliza chuo kikuu, aliyemmwagia poda ni baba yake mwenyewe, papa Lukumani, fundi wa nguo wa sokoni. Alimwaga huku akicheka na kulia kwa pamoja. Kopo lilipofika nusu, akauzuia mkono wake.

"Hii ingine tunaibakisha," akasema. "Siku ya mushahara ya kwanza, ndiyo tutaimaliza."

Akalipandisha kopo juu ya kabati la sahani, watu wakashangilia. Nani alikuwa na shaka? Binti amesoma mambo ya usimamizi wa fedha, miaka mitano, katika chuo cha watu binafsi chenye ada ya dola na wanafunzi wenye tai. Mshahara ungechelewa wapi?

Basi kopo likakaa juu ya kabati. Likazidi kukaa. Mama Kadidja, mkewe Lukumani, akawa analipangusa vumbi kila Ijumaa pamoja na redio, bila kusema neno.

Lukumani ni mtu wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walifika Kisangani zamani za misafara, biashara ikafa, wao wakabaki na misikiti, kanzu na ufundi. Shule aliiacha darasa la nne, akaingia kwenye uzi. Na hapo msimwonee huruma, maana kwenye uzi alikuwa sultani. Alikuwa na mashine ya kudarizi, ya umeme, ambayo alijinyima miaka mingi kuipata, na shingo ya kanzu aliyoidarizi yeye ilijulikana tangu Kabondo mpaka Lubunga, ng'ambo ya mto. Siku za kukaribia Idi watu walipanga foleni mbele ya kibanda chake, na yeye, Mungu amsamehe, alikuwa akifurahia kuwaambia wenye pesa warudi kesho.

Kilichompeleka Safiya chuo cha binafsi ni haraka ya mzazi. Alisikia watu wakisema kwamba huko serikalini migomo ikiingia, mwaka mmoja wa masomo unaweza kula miwili, na yeye hakutaka binti yake azeeke darasani. Mwaka wa kwanza aliulipa kwa likelemba, ule mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, zamu yake ilipofika. Mwaka wa tatu ukaenda na bangili ya dhahabu ya mama Kadidja, ile nene aliyoolewa nayo. Mwaka wa tano hakukuwa na cha kushika tena. Wasiolipa awamu ya mwisho walikuwa wakitolewa nje ya chumba cha mtihani mbele ya wenzao, na Lukumani aliposikia hilo hakulala vizuri. Akauza mashine.

Aliyeinunua ni Mohamadi, kijana aliyejifunza kazi kwake, mwenye kibanda cha pili kutoka chake. Lukumani akarudi kwenye cherehani ya miguu, akawa anashona mishono iliyonyooka tu. Mteja akitaka shingo ya kudariziwa, Lukumani anaibeba kanzu hatua chache mpaka kwa Mohamadi, anamlipa, anaingoja, anairudisha. Ndivyo hivyo: alikuwa akilipia kazi ya mashine iliyokuwa yake. Mohamadi alikuwa mtoto mwenye adabu, alimpunguzia bei, na huko kupunguziwa ndiko kulikomuuma zaidi. Kila siku aliusikia mlio ule akiwa ameinamia cherehani yake, na kila siku moyo wake uliruka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Na Safiya je? Safiya alipata kazi. Wageni wa nchi hii hukosea hapo, wakidhani kazi na mshahara ni mapacha. Aliingizwa katika ofisi moja ya serikali, akapewa meza yenye miguu mitatu na tofali, akaambiwa kwamba yeye ni "nouvelle unité", yaani mtumishi mpya ambaye jina lake bado halijafika kwenye malipo kule Kinshasa. Litafika. Avumilie. Akavumilia mwaka, akavumilia na wa pili. Kila asubuhi alipiga pasi blauzi yake, akaenda, akafanya kazi ya watu wawili, na mwisho wa mwezi wakubwa wakikumbuka walimpa nauli.

Sokoni watu walimpima Lukumani kwa macho. Hawakuwa wabaya, walikuwa wa sokoni tu.

"Papa Lukumani, diploma ya Safiya ilishazaa?" mmoja angeuliza.

"Iko na mimba," angejibu, na wote wangecheka, naye angecheka kuliko wao.

Lakini akiwa peke yake hakucheka. Mohamadi, kwa mashine ile ile, alikuwa amenunua kiwanja na kuanza kusimamisha kuta. Lukumani alipopita hapo akaona matofali, alijisikia wivu, na kuona wivu juu ya kijana aliyemlea kukamtia aibu. Alijiuliza jambo ambalo mzazi hapendi kujiuliza: je, nilinunua nini?

Kusema haki, yapo aliyoyanunua. Kuna siku alikuja mtu mwenye mkoba akadai ushuru mpya wa vibanda, akapaza sauti kwa Kifaransa, na mafundi wote wakaanza kupapasa mifuko. Safiya alikuwa amemletea baba yake chakula. Akaweka bakuli chini, akamwomba yule bwana, kwa Kifaransa laini kuliko chake, amwonyeshe karatasi inayotaja ushuru huo. Bwana akatafuta mkobani, akatafuta, akakumbuka kwamba anaitwa mahali. Na ni Safiya aliyemwonyesha baba yake kwamba sare za shule alizokuwa akijivunia kushona kwa wingi zilikuwa zikimlia uzi na nguvu bila faida. Baba akapandisha bei kidogo, na wateja wakalipa. Mambo hayo Lukumani hakuyaweka kwenye mizani, kwa sababu hayakuja na mlio wa noti.

Hapo ndipo alipojitokeza Djuma. Huyu ni mfanyabiashara wa samaki wa moshi, huwaleta kutoka Ubundu kwa treni, na treni ikikataa huwaleta kwa pikipiki. Kijana mtulivu, mwenye deni dogo na akiba kubwa. Alimpenda Safiya, Safiya akampenda, na wazee wakapanga siku ya kikao.

Kwao mahari ni ya binti, naye huitaja kwa kinywa chake mbele ya wazee. Cha baba ni kilemba, kitu kidogo cha heshima ya kumlea. Zamani kilikuwa kilemba kweli, kitambaa cha kufunga kichwani. Siku hizi ni pesa ya adabu. Siku chache kabla ya kikao, tonton Aboubakar, mdogo wake Lukumani, akaja kibandani akavuta kigoda.

"Yaya, mali bila daftari hupotea bila habari," akaanza, maana kaka mkubwa kwao huitwa yaya. "Weye ulimusomesha Safiya na makuta, feza ya jasho. Sasa Djuma anataka kumubeba na diploma yake yote, bure. Bon, donc, alipe. Tunaweka chuo ndani ya kilemba."

"Chuo yote?" Lukumani aliuliza.

"Yote. Miaka tano. Unanunua mashini ingine, mupya, inabaki na makuta juu."

"Aboubakar, batu watasema nini?"

"Batu walisema nini siku uliuzisha mashini? Walikuletea ingine?"

Kibanda cha pili, mashine ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Alimpenda binti yake, na aliitaka mashine yake, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemwambia kwamba anaweza kuvipata vyote viwili. Akainamisha kichwa.

"Useme weye," akamwambia mdogo wake. "Miye mudomo yangu haiwezi."

Safiya hakuambiwa.

Siku ya kikao ilikuwa Jumapili alasiri. Mikeka ilitandikwa sebuleni, chai ya tangawizi ikapita, na mikate ya kukaanga, na baadaye kungekuwa na lituma, ndizi za kupondwa alizozisimamia mama Kadidja tangu asubuhi. Ujumbe wa Djuma uliongozwa na baba yake mdogo, papa Amundala, mzee mfupi wa Ubundu aliyefanya biashara ya mto maisha yake yote. Walileta mbegu za kola na samaki mkubwa mbichi aliyetoka asubuhi hiyo kwenye mitego ya Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya mto. Djuma aliketi nyuma kabisa, kama mila inavyotaka, akitazama vidole vyake vya miguu. Safiya na mama yake walikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia.

Dua ikasomwa, salamu zikaisha. Aboubakar akakohoa, akaeleza habari ya kilemba. Alieleza vizuri, kwa kupanda na kushuka, akataja likelemba, akataja bangili, akataja mashine. Kisha akataja jumla.

Hata waliokuwa wakitafuna waliacha.

"Nimesikia," alisema papa Amundala. "Muturuhusu tutoke kidogo."

Wakatoka, wakasimama karibu na pikipiki zao wakinong'ona. Pazia likasogea, na sauti ya mama Kadidja ikatoka chini chini.

"Lukumani. Umeuzisha mutoto?"

Lukumani aliitazama chai yake. Alijua kwamba nyuma ya pazia hilo palikuwa na masikio mengine, na akatamani ardhi impe nafasi. Lakini hakusema "acheni". Kinywa chake kilikuwa na neno hilo, nalo halikutoka.

Wageni wakarudi, wakaketi, papa Amundala akakunja vizuri kanzu yake.

"Tunakubali," akasema.

Aboubakar alikaribia kuruka. Lukumani mwenyewe alishaiona mashine, na rangi yake, na mahali itakapokaa.

"Yote," papa Amundala aliendelea. "Djuma ataleta nusu sasa, nusu kisha Ramazani. Alors, tuko na neno moja. Kwetu Ubundu, mutu akilipa gunia ya samaki, haachi gunia kwa mwenye kuuzisha. Anabeba. Kama tunalipa diploma, diploma iko ya kwetu. Ishuke kwa ukuta leo, tuende nayo. Siku mushahara ya Safiya itatoka, musiulize hata franga moja, munakuwa mulishalipwa. Na kama tunaona abaki nyumba, diploma ilale ndani ya sanduku, iko ya kwetu, tunailalisha."

Hakusema kwa hasira wala kwa dhihaka. Alisema kama mtu anayefunga biashara, na kwa hesabu hapakuwa na mahali pa kumkosoa. Ukileta bei, mnunuzi analeta gunia.

"Voilà!" alisema Aboubakar. "Iko sawa kabisa. Yaya, ishushe."

Diploma ilikuwa imetundikwa juu ya redio, ndani ya fremu ya kioo. Lukumani akainuka. Nawaambia ukweli, aliinuka ili aishushe. Akavuta kigoda, akapanda, akaishika fremu kwa mikono miwili, akaitoa kwenye msumari.

Tangu itundikwe hakuwahi kuitazama kwa karibu hivyo. Fundi huona kazi yake vizuri akiisogeza puani, na yeye sasa alikuwa na kioo chini ya pua. Kifaransa kile hakukielewa. Lakini katikati palikuwa na maneno mawili makubwa, yameandikwa kwa wino mweusi uliopinda kama darizi, na hayo aliyasoma: Lukumani Safiya. Kwenye karatasi rasmi jina la ukoo hutangulia. Jina lake lilikuwa mbele. Yeye wa darasa la nne, ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa popote ila kwenye kadi ya uchaguzi na kwenye kibao cha kibanda, alikuwa amesoma chuo kikuu, na hakuna aliyemwambia.

Alisimama juu ya kigoda muda mrefu mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Yaya?" alisema Aboubakar.

Lukumani akashuka. Hakumpa mtu fremu. Aliikumbatia kifuani, kioo kikiwa ndani, akamtazama yule mzee.

"Papa Amundala, munisamehe sana. Munisamehe banyewe bote. Nilipotea. Hii haiko ya kuuzisha. Niliuzisha mashini juu ya kupata hii. Siwezi kuuzisha hii juu ya kupata mashini."

"Yaya, unafanya nini?" Aboubakar alimshika kanzu. "Balishakubali!"

"Niache." Kisha akawageukia wageni. "Kilemba yangu, muniletee kilemba. Nguo ya kichwa, nyeupe. Basi."

Papa Amundala aliweka kikombe chini.

"Uelewe vizuri," akasema. "Sikukuwa nacheza. Ningelipa."

"Najua."

"Na ningeibeba."

"Najua, papa. Juu ya ile ndiyo nimekataa."

Mzee yule akatikisa kichwa, kisha akacheka polepole, akamgeukia Djuma huko nyuma. "Mutoto, oa hapa," akasema. "Hapa batu wanajua kitu gani haiuzishwi." Djuma, ambaye kijasho kilikuwa kimemlowesha shati lote, alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu chai.

Ikabaki mahari. Safiya akaitwa, akatoka nyuma ya pazia akiwa amejitanda, macho mekundu. Alikuwa amesikia yote: bei yake, ukimya wa baba yake, na kigoda. Akaulizwa kama ilivyo desturi, anataka nini.

"Bangili moja ya dhahabu," akasema. "Nene. Kama ile ya mama."

Nyuma ya pazia mama Kadidja alitoa mlio mdogo, akaubana na upande wa kitenge chake. Wageni wakakubali, dua ikaanza kutafutiwa msomaji. Lakini Safiya hakurudi chumbani. Alikivuta kile kigoda mpaka kwenye kabati la sahani, akapanda mbele ya wazee wote, jambo ambalo bibi harusi halifanyi, akashusha kopo la poda.

"Safiya," alinong'ona baba yake, "ile iko ya mushahara."

"Mushahara haiyafika, papa. Itafika siku yake, na ikifika tutanunua kopo ingine." Akalifungua. Poda ilikuwa imeshikana kwa unyevu wa miaka miwili, ikabidi aligongegonge kopo kwa kiganja. "Lakini poda iko ya mwenye kupita mutihani. Inama."

Fundi Lukumani akainama, na fremu yake kifuani. Binti yake akammwagia poda kichwani juu ya kofia, shingoni, mabegani, mpaka kopo likaisha, na baba yule akalia waziwazi mbele ya wakwe. Aboubakar alinuna mpaka lituma ilipoletwa, kisha akala ya watu wawili.

Kesho yake Lukumani alifungua kibanda kama kawaida. Udhu wa alfajiri ulikuwa umeondoa poda usoni, lakini kwenye mishono ya kofia na nyuma ya shingo ilibaki, na yeye hakuigusa. Kwapani alikuwa na kanzu mpya, aliyoikata asubuhi hiyo kwa vipimo vya Djuma. Akatembea mpaka kibanda cha pili. Mohamadi akazima mashine, akamtazama, macho yakamtoka.

"Papa Lukumani! Nani amepita mutihani kwenu?"

"Miye," alisema Lukumani.

Akamtandikia kanzu juu ya mashine, akamwonyesha kwa kidole namna shingo inavyotakiwa kuzunguka. Kisha akatoa pesa ya kudarizi, akamlipa bei kamili.